Waliojaribu kuvisimamisha vita vya 1914 nao waandikwe

Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika gazeti lako nami nitoe maoni yangu kuhusu namna tunavyoandika habari za Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Kila ifikapo Novemba, sisi wakazi wa Tanga husoma upya makala za mapigano yaliyotokea hapa mwaka 1914: jinsi Waingereza walivyoshusha pwani askari waliotoka India, jinsi Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alivyowarudisha baharini ingawa alikuwa na watu wachache, na jinsi vita vilivyohamia bara na kudumu miaka minne. Makala hizo zina faida kubwa, na katika miaka yangu ya kufundisha historia nilizitumia darasani. Hata hivyo sijaona hata moja inayouliza kama, katika miezi ile ile ambayo majenerali walikuwa wakipanga namna ya kupigana, kulikuwa na mtu aliyepanga namna ya kuacha. Walikuwapo, na mpango wao uliandikwa, ukajadiliwa, ukafikishwa mezani kwa mawaziri wa Ulaya. Aliyeusukuma kuliko wote alikuwa mwandishi wa habari, mwanamke, jina lake Rosika Schwimmer.

Schwimmer alizaliwa Budapest, Hungaria, mwaka 1877, katika familia ya Kiyahudi. Alianza maisha kama karani wa hesabu, na bado akiwa kijana alisaidia kuanzisha chama cha wanawake waliofanya kazi za ofisini. Mwaka 1904, yeye na Vilma Glücklich waliunda chama cha kutetea haki za wanawake wa Hungaria, na kuanzia mwaka 1907 akawa mhariri wa jarida la chama hicho, lililoitwa Mwanamke na Jamii kwa lugha yao. Alisafiri nchi nyingi za Ulaya akihutubia na kuandika, na mkutano mkubwa wa kimataifa wa wanawake waliodai haki ya kupiga kura ulipofanyika Budapest mwaka 1913, yeye ndiye aliyebeba sehemu kubwa ya maandalizi. Mwaka uliofuata alihamia London kuwa katibu wa habari wa muungano wa kimataifa wa wanawake hao, huku akiyaandikia magazeti ya bara la Ulaya.

Alikuwa London wakati mrithi wa kiti cha ufalme wa Austria na Hungaria alipouawa Sarajevo tarehe 28 Juni 1914. Mapema Julai, kabla ya serikali yoyote kutangaza vita, alikutana na David Lloyd George, wakati huo waziri wa fedha wa Uingereza, akamweleza kwamba watu wa Ulaya magharibi hawajatambua hasira iliyokuwa ikipanda katika nchi yake, na kwamba mauaji yale yangeweza kuleta vita. Lloyd George mwenyewe alikuja kukumbuka onyo hilo katika kumbukumbu zake za vita, miaka mingi baadaye. Naomba wasomaji wasilipite jambo hili haraka. Mabalozi na mawaziri wenye taarifa za siri walikuwa wakijiandaa kwa likizo za kiangazi, na mwandishi wa habari asiye na hata haki ya kupiga kura ndiye aliyekwenda kugonga mlango wa waziri.

Uingereza ilipoingia vitani, Schwimmer akawa raia wa nchi adui katika mji aliofanyia kazi. Alijiuzulu wadhifa wake ili asiuponze muungano, akavuka bahari kwenda Marekani, nchi kubwa kuliko zote ambazo hazijaingia vitani. Septemba 1914 alimwona Rais Woodrow Wilson mjini Washington akiwa pamoja na Carrie Chapman Catt, kiongozi wa wanawake wa Marekani, akamwomba aziite nchi zisizopigana zianze kazi ya kusuluhisha. Wilson alimsikiliza kwa adabu, hakuahidi kitu. Basi Schwimmer akawageukia wananchi. Alizunguka mji baada ya mji akihutubia, na mara nyingine jukwaa lake lilikuwa lile lile la Emmeline Pethick-Lawrence, Mwingereza aliyepata kufungwa gerezani kwa kudai haki ya kura. Mwanamke wa Hungaria na mwanamke wa Uingereza, wote wakiomba jambo moja, wakati vijana wa nchi zao walikuwa wakitumwa kuuana! Safari hizo zilichangia sana kuzaliwa kwa Chama cha Amani cha Wanawake mjini Washington Januari 1915, chini ya uenyekiti wa Jane Addams wa Chicago.

Sasa nieleze mpango wenyewe, kwa sababu hapo ndipo waandishi wengi wa historia hupita kwa kutupa neno moja tu, "ndoto". Sehemu kubwa yake iliandikwa na Julia Grace Wales, mwalimu wa chuo kikuu cha Wisconsin aliyezaliwa Kanada. Alianzia kwenye tatizo ambalo kila mzee wa baraza anayesuluhisha ugomvi wa mipaka ya shamba analifahamu: hakuna upande utakaotamka kwanza kwamba unataka kupatana, kwa kuogopa kuhesabiwa kuwa umeshindwa. Kwa hiyo nchi zisizopigana, yaani Marekani, Uholanzi, Uswisi, Sweden, Denmark, Norway na nyinginezo, ziwateue wajumbe wenye ujuzi wakae katika kikao kisichovunjika. Wajumbe hao waziombe pande zote zitaje malengo yao, waandike pendekezo la amani, walipeleke kwa wote kwa wakati mmoja, wapokee majibu, walirekebishe na kulipeleka tena, hadi ipatikane hatua ambayo pande zote zinaweza kusimama juu yake. Hawangesubiri kuombwa, wala hawangesubiri bunduki zinyamaze. Mapigano yangeendelea na mazungumzo yangeendelea, mpaka mazungumzo yayashinde mapigano. Mimi sioni ndoto hapo. Naona kazi ya ukarani na uvumilivu, kazi ambayo dunia imekuja kuifanya mara nyingi baadaye.

Tarehe 28 Aprili 1915 wanawake zaidi ya 1,000 kutoka nchi 12 walikutana The Hague, Uholanzi, kwa mwito wa Aletta Jacobs, daktari wa kwanza mwanamke wa nchi hiyo. Kufika tu kulikuwa vita vyake. Wajumbe zaidi ya 40 kutoka Marekani walisafiri kwa meli ya Noordam, ambayo Waingereza waliizuia siku kadhaa karibu na Dover. Wanawake wapatao 180 wa Uingereza walitaka kwenda, lakini njia ya Bahari ya Kaskazini ilifungwa kwa wasafiri, wakahudhuria 3 tu waliokuwa wamekwisha kutoka nchini au waliopitia Marekani. Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, aliwatukana hadharani. Kutoka Ubelgiji, nchi iliyokuwa chini ya majeshi ya Ujerumani, walifika wanawake 5, na Mjerumani Anita Augspurg ndiye aliyesimama kuwakaribisha wakae jukwaani. Nikisoma taarifa za mkutano ule, hilo ndilo tukio linalonigusa kuliko maazimio yote.

Maazimio nayo hayakuwa madogo. Walitaka migogoro ya mataifa ipelekwe kwenye usuluhishi, ardhi isihamishwe kutoka utawala mmoja kwenda mwingine bila ridhaa ya wanaume na wanawake wanaoishi humo, mikataba ya siri ikomeshwe, na wanawake wapewe haki ya kura. Wilson aliwasifia kwamba hakuwa ameona maandishi bora kuliko hayo, na msomaji yeyote anayeyalinganisha na Hoja 14, masharti ya amani aliyotangaza Januari 1918, ataona undugu.

Siku ya mwisho Schwimmer alitoa hoja ambayo wengi walidhani haiwezekani: mkutano uwatume wajumbe wake wapeleke maazimio hayo kwa mikono yao kwa wakuu wa serikali, za nchi zinazopigana na zisizopigana. Alisema azimio lililoachwa kwenye karatasi halitamzuia askari hata mmoja. Hoja ilipita. Katika majuma yaliyofuata Jane Addams na Aletta Jacobs walikwenda London, Berlin, Vienna, Budapest, Rome, Bern na Paris, na Schwimmer, pamoja na Chrystal Macmillan wa Scotland, Emily Balch wa Marekani na Cor Ramondt-Hirschmann wa Uholanzi, akashika njia ya kaskazini: Copenhagen, Kristiania ambayo leo ni Oslo, na Stockholm; wenzake wakaendelea hadi Petrograd kwa Warusi. Hebu tufikirie jambo hilo. Wanawake wasiokuwa na cheo chochote cha serikali walivuka mipaka iliyojaa askari, na mawaziri wa mambo ya nje wakawapokea, mmoja baada ya mwingine.

Majibu waliyopata yalishangaza hata wenyewe. Addams alisimulia kwamba waziri mkuu wa Austria alipoulizwa kama anaona ombi lao ni upuuzi, aligonga meza akasema yale ndiyo maneno ya kwanza ya busara kusemwa ndani ya chumba kile kwa miezi kumi. Kwa ujumla serikali zinazopigana zilisema haziwezi kuomba usuluhishi, lakini hazikusema zitaukataa ukianzishwa na wengine. Nchi zisizopigana za Ulaya zilikuwa tayari kufikiria, zikisubiri Marekani itangulie. Na Marekani haikutangulia. Wilson alitaka awe na uhuru wa kusuluhisha peke yake, kwa wakati atakaouchagua mwenyewe, na wakati huo aliendelea kuuahirisha hadi nchi yake ilipoingia vitani Aprili 1917.

Mlango wa serikali ulipofungwa, Schwimmer akamwendea tajiri wa magari, Henry Ford, Novemba 1915. Ford alikubali kulipia meli, na tarehe 4 Desemba Oscar II iliondoka Hoboken ikiwa na wajumbe, wanafunzi na kundi kubwa la waandishi wa habari. Ford mwenyewe alikuwa ameahidi mambo makubwa mno kuhusu kuwatoa askari kwenye mahandaki kabla ya Krismasi, na ahadi hiyo iliwapa wenye kejeli chakula cha wiki nzima. Abiria waligombana njiani juu ya msimamo wa kuipinga bajeti ya kijeshi ya Marekani. Ford aliugua, na siku chache baada ya kufika Kristiania alirudi kwao. Magazeti yaliandika kuhusu ugonjwa wake, kuhusu ugomvi wa abiria, kuhusu begi la nyaraka ambalo Schwimmer alikuwa halitoi mkononi. Kuhusu mpango wa usuluhishi yaliandika machache mno. Hata hivyo mkutano wa wawakilishi wa nchi zisizopigana ulianza kazi Stockholm mwanzoni mwa mwaka 1916, ukatoa waraka wa mapendekezo ya amani, ukaendelea hadi Ford alipokata fedha mwaka uliofuata. Schwimmer alikuwa amekwisha kujitenga nao. Hakuwa mtu rahisi kufanya naye kazi, hakupenda kupingwa, na wenzake waliompenda walikiri hivyo. Lakini sijawahi kuona jenerali akifutwa katika historia kwa sababu alikuwa na hasira.

Kuna hoja nzito dhidi yake, nami siwezi kuikwepa. Wapo wanaosema kwamba Ujerumani haingeondoka Ubelgiji kwa maneno, kwamba kila upande mwaka 1915 uliamini unakaribia kushinda, na kwamba kuzungumza mapema kungempa mvamizi nafasi ya kubaki na alichonyang'anya. Huenda mazungumzo yangevunjika mara ya kwanza na ya pili. Lakini hoja hiyo ingekuwa na nguvu zaidi kama jaribio lingefanywa na serikali likashindwa. Halikufanywa. Walioambiwa kwamba wanaota hawakuomba askari hata mmoja arudi nyuma kabla ya mapatano, waliomba watu wa nchi zilizokaa pembeni wakae mezani wafanye kazi. Gharama ya kujaribu ilikuwa ndogo mno ukilinganisha na gharama ya kutojaribu, na gharama hiyo ya pili sisi wa Afrika Mashariki tuliilipa.

Ndiyo sababu naleta habari hizi kwa wasomaji wa Kiswahili. Vita vilipoanza, gavana wa Kijerumani, Heinrich Schnee, alitaka koloni libaki nje ya mapigano, akitegemea Mkataba wa Berlin wa 1885 ambao uliruhusu makoloni ya bonde la Kongo na maeneo jirani yawekwe kando ya vita vya Ulaya. Kulikuwa na mapatano ya awali kuhusu bandari za Dar es Salaam na Tanga. Mapatano hayo yaliwekwa kando, na Lettow-Vorbeck kwa upande wake hakutaka kukaa bila kupigana, kwa kuwa aliona kazi yake ni kuwavuta askari wa Uingereza waje huku badala ya kwenda Ulaya. Hata hapa, basi, palikuwa na mlango uliofungwa kwa makusudi. Waliofuata ni askari na zaidi yao wapagazi, makumi ya maelfu, waliokufa kwa njaa, kuhara na uchovu wakibeba mizigo ya vita visivyowahusu. Kariakoo ya Dar es Salaam inabeba hadi leo jina la kikosi cha wapagazi. Lettow-Vorbeck alisalimu amri Abercorn, siku hizi Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, siku 14 baada ya Ulaya. Mwaka 1915, wakati Schwimmer akitoka mji mmoja kwenda mwingine, wengi wa wapagazi hao walikuwa bado hai.

Maisha yake yaliyobaki nitayapitia kwa kifupi, isipokuwa jambo moja. Vita vilipoisha, serikali mpya ya Mihály Károlyi ilimteua kuwa balozi wa Hungaria nchini Uswisi, katika wakati ambao wanawake waliokabidhiwa kazi kama hiyo walikuwa wa kuhesabika. Serikali hiyo ilianguka, wakaja wakomunisti wa Béla Kun, kisha utawala wa Horthy uliowawinda Wayahudi na wapenda amani, naye akatorokea Vienna mwaka 1920 na kufika Marekani mwaka 1921. Huko alisingiziwa kuwa jasusi wa Wajerumani na wakala wa Wabolsheviki, yaani wakomunisti wa Urusi. Alimshtaki mmoja wa waliomchafua jina, akashinda.

Jambo lenyewe ni hili. Alipoomba uraia wa Marekani, fomu ilimuuliza kama yuko tayari kuchukua silaha kuitetea nchi. Alijibu kwamba yeye binafsi hatachukua. Alikuwa mwanamke anayekaribia miaka 50, katika nchi ambayo haikuwaandikisha wanawake jeshini, kwa hiyo angeweza kuandika "ndiyo" na asingedaiwa kitu maisha yake yote. Hakuandika. Kesi ilipanda hadi Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo mwezi Mei 1929 ilimnyima uraia kwa kura 6 dhidi ya 3. Aliyeandika maoni ya kumtetea ni Jaji Oliver Wendell Holmes, mzee wa miaka 88, aliyekuwa amejeruhiwa mara tatu akipigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi hiyo. Alisema kwamba kanuni ya uhuru wa mawazo haiwalindi wale tunaokubaliana nao tu, inalinda hata wazo tunalolichukia. Mwaka 1946 Mahakama hiyo hiyo iliubatilisha msimamo wake katika kesi ya mtu mwingine. Schwimmer alifariki New York Agosti 1948 akiwa hana uraia wa nchi yoyote, katika mwaka ambao jina lake lilikuwa limependekezwa kwa Tuzo ya Nobel ya Amani. Mwaka huo tuzo haikutolewa kwa mtu yeyote. Wenzake wa The Hague, Addams na Balch, walikuwa wameipata, mmoja mwaka 1931 na mwingine 1946.

Wasomaji wa eneo letu wameuona mpango wa 1915 ukifanya kazi, hata kama hawakuujua kwa jina. Mazungumzo ya Burundi yaliyofanyika Arusha chini ya Mwalimu Nyerere, na baada ya kifo chake chini ya Mzee Mandela, hayakusubiri mapigano yaishe. Mkataba ulisainiwa Agosti 2000 huku makundi mawili yenye silaha yakiwa bado msituni, na kazi ya kuyaleta mezani ikaendelea baadaye. Wanawake wa Burundi waliachwa nje ya ukumbi kwa muda mrefu, hadi walipokutana wenyewe Arusha Julai 2000, wa vyama vyote, wakaandika mapendekezo yao na kuyapeleka kwa wasuluhishi. Mengi kati ya hayo yaliingizwa katika mkataba. Nilipofuatilia habari hizo wakati ule, magazeti mengi yalieleza nani ametoka nje ya kikao kwa hasira na nani amerudi. Orodha ya madai ya wanawake wale niliitafuta kwa shida.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni hili. Novemba ijayo, utakapopanga kurasa za kumbukumbu za mapigano ya Tanga, tenga ukurasa mmoja kwa mkutano wa The Hague na safari zilizofuata, pamoja na mpango wa Wales wenyewe kama ulivyoandikwa, ili wanafunzi wetu wausome wauhukumu. Na waandishi wako wanapotumwa kwenye mazungumzo ya amani, yawe ya Kongo, ya Sudan au ya kwingineko, watuletee pendekezo lililowekwa mezani: linasema nini, limeandikwa na nani, upande upi umekataa kifungu kipi na kwa sababu gani. Tunajua tayari bunduki ngapi zimekamatwa na mji upi umeangukia mikononi mwa nani. Tunastahili kulijua pendekezo kwa undani ule ule, kabla halijakataliwa.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa historia,
Tanga